Jinsi Mitandao Ilivyojifunza Kuambiana Njia

Mtu akiulizwa njia ya kwenda mahali, aweza kujibu kwa namna mbili. Pengine mahali penyewe pako mbele ya mlango wake, naye hupaona kila siku. Hapo hujibu kwa yakini, wala hana haja ya kumwuliza mtu mwingine. Pengine hajapata kufika huko, ila amesikia kwa jirani, na jirani naye alisikia kwa mwingine; hapo hujibu kwa kadiri alivyoambiwa. Majibu yote mawili yaweza kuwa ya kweli. Lakini mwenye busara hayachanganyi. Humwambia msafiri, "Hili nimeliona," au, "Hili nimelisikia."

Intaneti, ambayo watu wengi hudhani kuwa ni kitu kimoja, ni mitandao maelfu kwa maelfu iliyounganishwa, na kila mmoja una mwenyewe. Hakuna mkuu aliyekaa mahali pamoja akiwa na ramani ya njia zote. Mitandao hiyo huishi kwa kuambiana njia, jirani kwa jirani. Katika insha hii tutaeleza jinsi desturi hiyo ilivyoanza, jinsi ilivyopata lugha mbalimbali, na hasara zilizotokea kila mara tofauti ya kuona na kusikia iliposahauliwa.

Kwanza yafaa tujue ruta ni nini. Ruta ni mashine iliyowekwa kwenye njia panda ya mitandao. Kazi yake ni kupokea pakiti, yaani vipande vidogo vya habari vyenye anwani ya mpelekewa, na kukipitisha kila kipande kwenye kiungo kinachofaa. Ili iweze kufanya hivyo, ruta huwa na jedwali la njia, nalo hujazwa kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni mitandao iliyoungwa na ruta yenyewe. Hiyo ruta huijua bila kuambiwa, maadamu waya umechomekwa na anwani imewekwa. Namna ya pili ni njia alizoziandika fundi kwa mkono. Namna ya tatu ni njia zilizoletwa na ruta jirani kwa itifaki, yaani mapatano ya jinsi ya kuzungumza. Zile za kwanza tuziite njia za mlangoni, na hizi za tatu tuziite njia za kuambiwa.

Sasa liko jambo linalomshangaza kila anayeanza kujifunza kazi hii. Ruta yaweza kuijua njia ya mlangoni barabara, na bado jirani zake wasiwe na habari nayo. Kujua si kutangaza. Mpaka fundi aiamuru ruta iingize njia zake za mlangoni katika mazungumzo ya itifaki, mtandao ule hubaki kama nyumba isiyo na njia. Kitendo hicho cha kuchukua njia zilizojulikana kwa namna moja na kuzitangaza kwa namna nyingine huitwa ugawaji upya wa njia. Ni amri ya maneno machache tu. Lakini tutaona kwamba amri chache zimeleta faida kubwa na madhara makubwa kama hii.

Turudi nyuma hadi mwanzo. Tarehe 29 Oktoba 1969, ujumbe wa kwanza wa mtandao ulioitwa ARPANET ulipelekwa kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, hadi taasisi ya utafiti ya Stanford. Mtandao huo uligharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwaka ulipokwisha ulikuwa na vituo vinne tu: hivyo viwili, cha Santa Barbara, na cha Chuo Kikuu cha Utah. Kila kituo kiliwekewa mashine ya kupitisha pakiti iliyotengenezwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman ya Cambridge, Massachusetts. Mashine hizo ndizo mababu wa ruta zetu.

Watengenezaji hawakutaka kuandika njia kwa mkono, kwa kuwa kiungo kikikatika ingebidi fundi aandike upya kila mahali. Basi waliziwezesha mashine kuambiana zenyewe. Kila baada ya muda usiofika sekunde moja, kila mashine iliwapa jirani zake jedwali lake lote: "Kutoka kwangu hadi mahali fulani ni umbali huu." Jirani aliongeza umbali wa kiungo kilicho kati yao, akalinganisha na habari za jirani wengine, akachagua njia fupi kuliko zote. Kisha naye akawaambia wengine. Mtu aweza kuona mara moja uzuri wa utaratibu huo na hatari yake. Uzuri ni kwamba kiungo kikikatika, habari huenea bila mtu kuamka usiku. Hatari ni kwamba kila mashine ilitangaza yale iliyoyasikia kana kwamba imeyaona.

Hatari hiyo haikukawia. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, mashine iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha Harvard iliharibika kumbukumbu yake, na jedwali lake likawa sifuri tupu. Maana yake kwa jirani zake ilikuwa kwamba kutoka Harvard hadi kila mahali hakuna umbali wowote. Wakaamini. Pakiti za mtandao mzima zikamiminika Harvard, na zilipofika huko zikapotea. Wahenga wetu walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Wao walikusudia kwamba mwongo hafiki mbali kabla ya kugunduliwa. Lakini katika mitandao neno hilo lina maana ya pili, tena kali zaidi. Njia ya uongo huonekana fupi kuliko zote, na kwa sababu hiyo ndiyo inayopendwa.

Mwaka 1979 mafundi wa ARPANET waliubadili utaratibu wote. Tangu hapo kila mashine ilikatazwa kusimulia habari za mbali. Ilitakiwa kupima viungo vyake yenyewe tu, na kutangaza vipimo hivyo kwa mtandao mzima. Kila mashine ilikusanya ushahidi wa wenzake wote, ikachora ramani, na kuzikata njia zake yenyewe. Kwa maneno mengine, kila shahidi aliagizwa aseme aliloliona, na hukumu iachwe kwa msikilizaji.

Hata hivyo, ushahidi mwema nao hauna budi kulindwa. Tarehe 27 Oktoba 1980 tarakimu za ripoti za mashine moja ziliharibika katika kumbukumbu. Ripoti zilihesabiwa kwa namba ili mpya ijulikane na ya zamani itupwe; kwa ajili ya kasoro hiyo zikatokea ripoti tatu zilizofukuzana kwa duara, kila moja ikionekana kuwa mpya kuliko iliyotangulia. Mashine zote zikashughulika kuzipokezana hizo tatu zisifanye kazi nyingine, na ARPANET yote ikasimama kwa saa kadhaa.

Kutoka katika majaribio hayo zilitokea koo mbili za itifaki, nazo zingali hai. Ukoo wa kwanza ni wa kusimulia yaliyosikiwa. Mwakilishi wake maarufu ni RIP, iliyoenea kwa kompyuta za Unix katika miaka ya 1980 na kuandikwa rasmi na Charles Hedrick mwaka 1988. RIP huhesabu idadi ya ruta za kupita, basi. Ikifika 16, mahali hapo huhesabiwa kuwa hapafikiki. Ukoo wa pili ni wa kusema yaliyoonekana. Mwakilishi wake ni OSPF, iliyotolewa mwaka 1989 chini ya uongozi wa John Moy. OSPF hukipa kila kiungo gharama, na kwa kawaida kiungo chenye kasi hupewa gharama ndogo.

Sasa fikiri chuo kimoja chenye majengo ya zamani yanayosema RIP na majengo mapya yanayosema OSPF. Mpakani huwekwa ruta inayojua lugha zote mbili, mfano wa mkalimani. Lakini mkalimani huyo hafasiri neno asipoamriwa. Akiamriwa, hukutana na mashaka mawili.

Shaka la kwanza ni la vipimo. RIP ikisema "3" inakusudia ruta tatu. OSPF ikisikia "3" inakusudia gharama ya viungo. Hakuna kanuni ya kugeuza hesabu ya kwanza iwe ya pili, kama vile hakuna kanuni ya kugeuza idadi ya vijiji vya njiani iwe bei ya nauli. Kwa hiyo fundi hulazimika kuchagua mwenyewe kipimo cha kuanzia, na tangu mpaka ule umbali wa kweli husahauliwa. OSPF yajua udhaifu huo. Njia zilizoingizwa namna hii huzipa alama ya kuwa za nje, ili ramani iliyotokana na ushahidi isichanganywe na habari za ugenini. Hata njia za mlangoni za ruta yenyewe, zikiingizwa kwa ugawaji upya, huhesabiwa kuwa za nje, maana itifaki haikuzipata kwa desturi yake.

Shaka la pili ni la habari kumrudia aliyeitoa. Tuseme wakalimani mpakani ni wawili. Wa kwanza huchukua njia ya RIP na kuitangaza upande wa OSPF. Wa pili huisikia huko, naye, asijue ilikotoka, huirudisha upande wa RIP kwa umbali mfupi aliopewa na fundi. Watu wa RIP, wenye mahali penyewe, sasa husikia kwamba njia ya kufika kwao wenyewe inapitia mpakani. Pakiti huanza kuzunguka hata zikafa. Ruta za kampuni ya Cisco hujikinga kwa kuvipanga vyanzo vya habari kwa daraja za uaminifu, na daraja ndogo ndiyo inayoaminiwa: njia ya mlangoni ina 0, iliyoandikwa kwa mkono ina 1, ya OSPF ina 110, na ya RIP ina 120. Wajenzi wake waliona kwamba ruta yapasa kuyaamini macho yake kabla ya maneno ya jirani. Lakini tazama daraja mbili za mwisho: mkalimani wa pili akiisikia njia ile ile kwa RIP na kwa OSPF, ataiamini OSPF, nayo ndiyo iliyozunguka. Kinga ya kweli ni fundi kuitia kila njia alama ya asili yake wakati wa kuiingiza, na kuwakataza wakalimani kuirudisha njia ilikotoka.

Hayo ni mambo ya nyumba moja. Katika miaka ya 1980 ilidhihirika kwamba mitandao ya wenyewe mbalimbali nayo yahitaji lugha ya kuzungumza mipakani. Lugha ya kwanza, EGP, ilielezwa na Eric Rosen mwaka 1982, lakini ilidhani kwamba mitandao yote imepangwa kama matawi ya mti mmoja, na intaneti ilikataa kukua hivyo. Mnamo Januari 1989, wataalamu walipokutana Austin, Texas, Kirk Lougheed wa Cisco, Yakov Rekhter wa IBM na Len Bosack, mmoja wa waanzilishi wa Cisco, walikaa kula chakula wakalijadili jambo hilo. Mawazo yao waliyaandika juu ya karatasi za kujifutia mikono zilizokuwa mezani. Mwezi wa Juni mwaka huo itifaki yao, iitwayo BGP, ikatolewa rasmi. Toleo lake la nne, la mwaka 1994, ndilo linaloiunganisha dunia hata sasa pamoja na marekebisho yaliyofuata.

Werevu wa BGP ni huu: njia haitajwi peke yake. Hutajwa pamoja na mlolongo wa namba za mitandao yote iliyoipokea na kuipitisha, kama wanazuoni wa Kiislamu wanavyowataja wapokezi kabla ya kuitaja hadithi yenyewe. Mtandao ukiona namba yake katika mlolongo, hujua kwamba habari imezunguka na kurudi, nao huikataa. Tena kila njia ina alama ya asili, nazo ni tatu: iliyozaliwa ndani ya mtandao unaoitangaza, iliyotoka kwa EGP ya zamani, au isiyokamilika asili yake. Kwa kawaida njia iliyoingizwa kwa ugawaji upya hupata alama hii ya tatu, na katika jedwali la ruta nyingi huonekana kama kiulizo, "?". Kiulizo hicho si shutuma. Ni ungamo la kwamba itifaki haina hakika njia hiyo ilijulikanaje.

Lakini mlolongo wa wapokezi husema ni nani aliyeipitisha habari. Hauthibitishi kwamba wa kwanza wao alisema kweli. Na iko kanuni nyingine iliyoongeza hatari: ruta ikiwa na njia mbili, moja ya eneo kubwa la anwani na moja ya sehemu ndogo ya eneo hilo, hufuata ile ya sehemu ndogo, kwa kuwa ni ya karibu zaidi na shabaha. Mtandao mmoja wa Marekani wenye namba 7007 uliionyesha dunia hatari hiyo tarehe 25 Aprili 1997. Ruta yake ilizipokea njia za mitandao mingine, ikazimega vipande vidogo, ikavitangaza kana kwamba ni mali yake, na mlolongo wa wapokezi wa kweli ukapotea. Vipande hivyo vilishinda njia za wenyewe kila vilikofika. Hata baada ya ruta ile kuondolewa, uvumi wake uliendelea kutembea mitandaoni kwa muda, kama uvumi wote utembeavyo baada ya aliyeuanzisha kunyamaza.

Tukio la pili lilikuwa la Jumapili, tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeagiza YouTube ifungwe nchini humo. Kampuni ya simu ya Pakistan iliweka njia ya kuzipoteza pakiti zinazokwenda huko. Njia hiyo ilikuwa ya matumizi ya nyumbani tu. Lakini saa 3.47 usiku, kwa saa za Nairobi, njia hiyo ilitoka mpakani kwa BGP, na kampuni ya Hong Kong iliyoiunganisha na dunia ikaipokea bila kuikagua, ikaipitisha. YouTube ilikuwa ikitangaza eneo la anwani 1,024; Pakistan ilitangaza sehemu yake yenye anwani 256. Sehemu ndogo ikashinda, na watu wa mabara mbalimbali wakajikuta wamefungiwa kwa amri isiyowahusu. Saa 5.07 YouTube nayo ilitangaza anwani zile zile 256, na dakika kumi na moja baadaye ikazigawa nusu kwa nusu, ili nayo ishinde kwa udogo. Saa 6.01 usiku kampuni ya Hong Kong iliziondoa njia za Pakistan, na mambo yakatengenea. Hapakuwa na mwizi wala adui. Palikuwa na njia moja iliyoingizwa mahali isipotakiwa, na jirani mmoja asiyeuliza.

Mwanafunzi asidhani kwamba habari hizi ni za nchi za mbali tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni zilizouza huduma ya intaneti Nairobi hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Barua ya mtu wa Nairobi kwa jirani yake aliye mteja wa kampuni nyingine ilipanda kwenye setilaiti, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena, ikarudi Nairobi. Setilaiti hizo huwa juu ya ikweta kwa karibu kilomita 36,000. Kupanda na kushuka mara moja ni kilomita 72,000, na nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde; hiyo ni karibu robo ya sekunde. Safari mbili ni nusu sekunde, na jibu nusu nyingine, nao ni majirani wa mtaa mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 2000 baadhi ya kampuni hizo zilianzisha kituo cha kubadilishana njia, KIXP, hapo hapo Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee wakati huo, ilikilalamikia, na kituo kikaamriwa kufungwa mwezi wa Desemba. Kilifunguliwa tena kwa leseni mnamo Februari 2002. Katika kituo kama hicho kila kampuni hutangaza kwa BGP mitandao yake na ya wateja wake. Ikitangaza pungufu, wateja wake wataendelea kuzungushwa ng'ambo. Ikitangaza kupita kiasi, itavuta pakiti isizoweza kuzifikisha. Adabu ya kituo yote imo katika kujua lipi ni lako la kusema.

Dawa ya maradhi haya haikuwa kunyamaza, maana mtandao usiotangaza haufikiwi. Fundi mwangalifu, anapotoa amri ya kuingiza njia za mlangoni, huiwekea orodha ya zile zinazoruhusiwa, ili waya utakaochomekwa kesho kwa majaribio usitangazwe wenyewe kwa dunia. Jirani mwangalifu naye huzikagua njia anazoletewa. Tangu mwaka 2012 umekuwapo pia utaratibu rasmi, RPKI, ambao kwao mwenye anwani hutia sahihi isiyoghushika, akitaja ni mtandao gani wenye ruhusa ya kuzitangaza. Msikilizaji aweza sasa kuuliza kama msemaji wa kwanza ana haki ya kusema. Mitandao mingi imeufuata utaratibu huo, wala si yote.

Tunaposoma historia darasani, walimu hutuuliza kila mara: aliyeandika habari hii aliiona, au alisimuliwa? Na kama alisimuliwa, ni na nani? Wajenzi wa mitandao walianza kazi yao wakidhani kwamba wanashughulika na nyaya na hesabu, nao wakafikishwa na makosa yao wenyewe kwenye swali hilo hilo. Basi, kila mmoja wetu anapopokea habari na kutaka kuipitisha kwa jirani, na atende kama fundi yule mwangalifu: aitie alama ya ilikotoka, na kama haijui asili yake, asione haya kuiwekea kiulizo.